Bromelia kwenye joto la Bagamoyo: angalia kikombe chake kwanza

Watu wakipita kwangu swali ni lile lile, hii mikonge yenye rangi umeitoa wapi? Jamani sio mkonge. Ni bromelia, na ndugu yake unamjua toka utotoni, ni nanasi, lile lile linaloshushwa kutoka Kiwangwa. Ukoo mzima asili yake ni Amerika, aina zaidi ya 3,000, kasoro moja tu inayoota porini kule Guinea, kwa hiyo hata nanasi letu ni mgeni ila limeshazoea, na hizi za mapambo zinazoea vile vile manake joto na unyevu wa pwani ndo vitu zinavyotaka.

Kuitambua angalia katikati. Nyingi za bustanini majani yamezunguka yakabanana chini mpaka yanafanya kikombe kinachotunza maji, mkonge hauna hicho, na mshubiri ukivunja jani lina ute mzito ndani wakati jani la bromelia ni jembamba na gumu. Alafu pitisha kidole pembeni ya jani, taratibu. Ukikuta vimiba, mara nyingi ni Neoregelia, Aechmea au Billbergia. Likiwa laini kabisa ni Guzmania au Vriesea. Neoregelia ndo ile pana iliyotandaa, ikikaribia kuchanua katikati inakuwa nyekundu na maua yenyewe ni madogo yamezama humo humo kwenye maji, usipoinama huyaoni. Aechmea inayopendwa sana ina mistari ya kijivu kama imemwagiwa unga na kichwa cha pinki. Guzmania ni kijani ya kung'aa na nyota nyekundu au njano juu, na hiyo nyota sio ua, ni majani yaliyobadilika rangi ndo maana inakaa miezi.

Udongo usihangaike nao sana, mizizi kazi yake kubwa ni kushikilia. Mi natumia makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, nayaloweka siku kadhaa nikibadilisha maji ili chumvi itoke, nachanganya na vipande vya mkaa na mchanga wa mtoni, sio wa baharini tafadhali. Udongo mzito unaozesha. Kivuli chepesi cha mwembe kinatosha, Neoregelia ipate jua la asubuhi ndo ikolee rangi, ila jua la saa sita wakati wa kaskazi linaunguza, utaona baka la kahawia pale jani linapopinda.

Maji sasa. Mwagilia kwenye kikombe, na ya mvua ndo bora, ya kisima chenye chumvi yanaacha madoa meupe. Lakini mbu! Hapa siwezi kunyamaza manake mbu wa dengi anapenda kabisa maji kidogo yaliyotulia, na kwenye joto letu viluwiluwi vinakuwa mbu ndani ya wiki moja hivi, kwa hiyo kila baada ya siku 4 ingiza mpira wa maji kwenye kikombe usukume yale ya zamani yote yamwagike chini, kwenye udongo mkavu viluwiluwi vinakufa. Usimwage mafuta ya taa humo, unaua mmea. Na dawa za ukungu zenye kopa, yaani shaba, zile wanazopulizia nyanya, zisiikaribie kabisa, kopa ni sumu kwake.

Kitu kinachoniuma zaidi ni watu kung'oa mmea ukishachanua. Kila shina linachanua mara moja tu kisha linaanza kuzeeka polepole, miezi mingi, na huo ndo wakati linazaa. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alishashika jembe kabisa, nikamwambia bi mkubwa subiri kwanza, tukainua majani ya chini yaliyokauka, watoto wawili hao wamejibana ubavuni, weupe bado chini. Akaweka jembe.

Mtoto usimkate mapema. Ngoja afike angalau theluthi ya urefu wa mama, nusu ni nzuri zaidi, kata kwa kisu kikali karibu kabisa na mama, acha kidonda kikauke siku moja ndo upande. Usimzike sana, udongo ukifika kwenye kikombe anaoza, akiyumba mfunge kwenye kijiti mpaka mizizi ishike, na maji anza kumwekea kikombeni siku hiyo hiyo. Mama muache palepale, mara nyingi anatoa wengine.