Panga Safari ya Pikipiki Kuanzia Mahali pa Kulala

Mtu wa hapa Dar akiniuliza namna ya kupanga safari ya pikipiki ya kwenda kulala kwenye hema, swali lake la kwanza huwa juu ya chombo. CC 150 inatosha? Tairi gani zinafaa? Mimi humuuliza: utalala wapi, na utafika hapo saa ngapi? Kama hana jibu, safari yake bado haijapangwa, hata kama hema limeshanunuliwa na likizo imeshaombwa kazini.

Haya nilifundishwa na siafu.

Ilikuwa Novemba, safari yangu ya kwanza ndefu. Mimi na binamu yangu, pikipiki mbili aina ya Boxer, tunakwenda Lushoto. Tulikubaliana kutoka Tabata saa 11 alfajiri, tukatoka saa 3 asubuhi kwa sababu mizigo haikufungwa usiku. Kibaha tukasimama kufunga upya. Chalinze tukasimama kula. Kabla ya Mkata binamu akapata pancha ya tairi la nyuma, na tyubu ya akiba ilikuwa chini kabisa ya begi, chini ya sufuria, nguo na unga. Tukatandaza kila kitu kando ya barabara huku mabasi ya mikoani yakitupita kwa kishindo. Jua lilipozama ndiyo kwanza tulikuwa tunaiacha Korogwe. Na huku kwetu machweo hayakawii. Unasema ngoja nimalize kona hii, giza limeshatanda. Tukaingia njia ya shamba, tukauona mwembe, tukasimamisha hema kwa mwanga wa simu.

Saa 8 usiku nikashtuliwa na maumivu ya shingoni, kama sindano ya moto. Kisha begani, kisha mguuni. Nilipowasha simu, sakafu ya hema ilikuwa nyeusi na inatembea. Siafu akishauma haachii. Unavuta mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania ngozi. Tulitoka mbio tukivua nguo. Kelele zetu zikamwamsha mama mmoja wa nyumba ambayo gizani hatukuiona kabisa, hatua kama hamsini tu kutoka pale. Akaja na kijana wake, taa mkononi, na ndoo ya majivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wanangu, mbona hamkupiga hodi? Hapo mvua ikinyesha tu ndipo wanapopita hao."

Akamwaga majivu kuzunguka vitu vyetu, akatutandikia mkeka barazani kwake. Asubuhi nilirudi kuangalia. Njia yao ilikuwa imechimbika ardhini, upana wa vidole viwili, imenyooka, inapita chini kabisa ya mahali tulipolaza vichwa. Kwa mwanga wa saa 10 jioni mtoto mdogo angeiona.

Tangu siku ile nina sharti moja: saa 10 jioni niwe nimeshafika ninapolala. Hapo nina saa mbili na zaidi za mwanga, za kuzunguka eneo, kuwasalimu wenyeji, kuangalia ardhi, maji na matawi makavu juu ya kichwa. Kila kitu kingine katika mpango wangu nakihesabu kwa kurudi nyuma kutoka saa hiyo.

Hesabu yenyewe ni hii. Boxer iliyobeba mzigo inakwenda 60 au 70 bila taabu barabara ikiwa nyeupe. Lakini barabara zetu zina vijiji vyenye vibao vya 50, matuta, malori ya masafa na vituo vya chai. Mimi huhesabu kilomita 40 kwa saa, kila kitu kikiwemo. Tabata hadi Lushoto kwa njia ya Chalinze ni karibu kilomita 360, yaani saa 9. Ukitoka saa 11 alfajiri unafika saa 8 mchana, na una saa mbili za akiba kwa pancha au mvua. Ukitoka saa 3 asubuhi unafika saa 12 jioni kama hakuna kitakachoharibika, na safarini daima kipo cha kuharibika. Sisi tulikuwa tumeshachelewa kabla hatujafika Kimara.

Kwa anayeanza, nasema kilomita 200 hadi 250 kwa siku zinatosha. Ukitaka Lushoto, lala njiani usiku mmoja. Na kama unakaa Tegeta, Bunju au Mbezi Beach, usijisumbue na foleni ya Kibaha na Mlandizi. Pita Bagamoyo, kamata barabara ya Msata, unatokea barabara ya Segera ukiwa umeshaiacha Chalinze nyuma. Malori ni machache kule, na asubuhi ukivuka Ruvu hewa ni baridi na ya kupendeza.

Kabla ya hayo yote, fanya usiku mmoja wa majaribio karibu na nyumbani. Mimi huwapeleka wageni wa mambo haya Kimbiji. Unavuka Daraja la Nyerere, unapita Kibada, Mwasonga, hadi pwani. Ukigundua umesahau kiberiti au hema linavuja, nyumbani si mbali. Lakini pwani nayo ina elimu yake, na watu wengi wa mjini hawaijui ingawa tumezaliwa na bahari mlangoni. Mchanga ulio bapa na safi unaovutia hema ndio uliosawazishwa na maji. Angalia mstari wa mwani mkavu na takataka ulioachwa na maji kujaa. Hema likae juu ya mstari huo, tena mbali kidogo. Mwezi ukiwa mpevu, au siku za mwezi mwandamo, ni bamvua: maji hupwa mbali sana na hujaa juu sana. Mvuvi yeyote atakwambia usiku huo maji yatafika wapi, muulize tu kabla hujashusha mzigo. Halafu vigingi vya hema havishiki kwenye mchanga. Jaza mchanga kwenye mifuko, funga kamba za hema kwenye mifuko hiyo, uifukie. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, usiache kufanya hivyo.

Jambo la wenyeji nataka nilikazie. Ardhi unayoiona haina mtu ina mwenyewe. Ukifika kijijini, uliza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, jitambulishe, onyesha kitambulisho, sema mko wangapi na mnaondoka lini. Hii ni adabu, na ndiyo ulinzi wako mkubwa kuliko kufuli lolote: usiku kijiji kizima kinajua wewe ni mgeni wa nani. Mara nyingi nimepewa uwanja wa shule, au ua wa mtu, na maji ya kuoga juu yake. Misitu ya hifadhi ni jambo jingine. Iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kulala humo kunahitaji kibali na malipo, hata msitu ulio karibu kama wa Pugu na Kazimzumbwi. Hifadhi za taifa usizipangie pikipiki kabisa, maana haziruhusiwi kuingia ndani. Mikumi unaipita kwa sababu barabara kuu ya Iringa inakatiza humo kwa kilomita kama 50. Hapo sharti langu la saa 10 nalibana zaidi: kama sijafika Doma, kijiji kilicho kabla ya kuingia hifadhini, saa 9 alasiri, nalala Morogoro. Tembo akisimama katikati ya lami jioni, mwenye gari amezungukwa na mabati. Wewe una koti tu. Zima haraka zako, simama mbali, subiri amalize.

Sasa mzigo. Vizito viwe chini na karibu na wewe: spana, maji, chakula. Vyepesi kama hema na nguo viwe nyuma na juu. Begi kubwa lililorundikwa nyuma ya keria linainua gurudumu la mbele, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye kona pikipiki haikusikilizi. Mimi nilishonesha mikoba miwili ya turubai kwa fundi anayeshona viti vya pikipiki, ikaning'inia pembeni kama matandiko ya punda, na ninaifunga kwa mipira ya tyubu ile ile wanayotumia bodaboda kubebea magunia. Haijawahi kunidondoshea kitu. Kitu utakachokihitaji barabarani kiwe mahali unapofika bila kufungua kingine: tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma, vyuma vya kubandulia tairi, pampu, viraka na gundi, plagi, waya wa klachi, na koti la mvua. Spea zenyewe nenda mitaa ya Gerezani, karibu na Kariakoo, kabla ya siku ya safari, na usisafiri na tyubu mpya bila kuijaza upepo na kuisikiliza usiku mzima nyumbani.

Kitu ambacho hata mafundi wengine hawakizingatii ni cheni. Unaikaza pikipiki ikiwa tupu, imesimama kwa stendi, unaona ina mlegeo mzuri wa sentimita mbili au tatu. Ukiweka mzigo na ukakaa, springi zinashuka, gurudumu la nyuma linasogea, na ile cheni inakazika. Kwenye mashimo inavuta kwa nguvu, inakula beringi na meno ya sproketi, na siku mbaya inakatika. Kwa hiyo funga mzigo wote, kaa wewe mwenyewe, mwambie mtu ashike cheni katikati aipandishe na kuishusha. Kama haina mlegeo wowote, ilegeze. Rudia asubuhi ya pili kabla ya kuondoka, na uipake oili wakati huo huo.

Mafuta kwenye barabara kuu si shida, sheli zipo. Shida huanza ukiacha lami. Boxer yangu na mzigo hunipa kilomita kama 40 kwa lita, lakini mimi hupanga kwa 30, na sipiti sheli ya mwisho kabla ya kuingia vumbini bila kujaza. Mafuta ya chupa ya vijijini yamenisaidia mara kadhaa. Niliyachuja kwa kitambaa kizito kabla ya kuyamimina.

Msimu uchague kwa akili. Masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani utengeneze vifaa. Juni hadi Septemba ndio wakati wetu. Ila ukienda Lushoto miezi hiyo, mtu wa Dar hajui baridi ni nini mpaka alale Magamba na shuka moja. Chukua blanketi, soksi, sweta, na kitu cha kutandika chini, kwa sababu baridi inayoumiza usiku inatoka ardhini. Kutoka Mombo barabara hupanda kama kilomita 33, kona baada ya kona, na kupanda si kazi. Kazi ni kushuka. Watu huteremka na gia kubwa huku wameshika breki njia nzima, breki zinapata moto na kuishiwa nguvu mahali pabaya. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, acha injini ikuzuie, breki uiguse tu kabla ya kona.

Chakula cha usiku wa kwanza usipike. Kula wali maharage kwa mama ntilie wa mwisho kabla ya kambi, ubebe chapati za asubuhi. Kupika kunapendeza usiku wa pili, ukiwa umeshapazoea mahali. Leseni yenye daraja la pikipiki, bima na kadi viwe kwenye mfuko wa plastiki kifuani, maana trafiki atakusimamisha wakati mvua inanyesha. Helmeti ni ya kila aliyekaa kwenye pikipiki, hata yule anayekwenda dukani kununua nyanya.

Siku ya kurudi nayo ipange kwa sharti lile lile, isipokuwa sasa mahali pa kulala ni nyumbani kwako. Jumapili jioni barabara ya kuingia mjini hujaa watu waliochoka na wanaoharakisha, na wewe umechoka kuliko wao. Mimi huvunja kambi saa 12 asubuhi. Nazima moto kwa maji mpaka majivu yawe uji, naokota kila karatasi, napita kwa mwenyekiti kuaga. Nikiwa njia ya Mombo napita pia kwa yule mama wa majivu, namwachia sukari na kanga. Hema hukunjwa likiwa na umande, kwa hiyo nalenga kuvuka Kibaha kabla ya saa 9 alasiri, nifike Tabata jua lingali kali la kutosha kulianika uani kabla halijaota ukungu.