Hataki midoli, anataka mwiko wako

*Shikamoo. Mtoto wa kaka yangu ana mwaka mmoja na nusu. Nilimpelekea gari la betri, akalishika mara moja akarudi jikoni kuchezea sufuria. Siku yake ya kuzaliwa imekaribia. Nimpe nini? Shangazi mtu, Tabata.*

Marahaba, mwanangu. Kaa chini umwangalie akiwa na hiyo sufuria. Juzi nilimtazama mjukuu wangu wa umri huohuo: akafunika mfuniko juu chini, haukukaa. Akaugeuza, ukakaa, akacheka. Akaufunua, akaanza upya, mpaka uji wake ukapoa. Gari la betri linaimba, linawaka na linatembea lenyewe, yeye kabakiziwa kutazama tu. Sufuria bila yeye haifanyi kitu. Na ameona ndiyo mnayoishika ninyi kutwa. Anataka kuwa nanyi kazini.

Basi mnunulie za kimo chake: kisufuria kidogo kabisa, mwiko mfupi, ungo mdogo, kifagio laini kilichokatwa mpini. Ukiongeza beseni na vikombe viwili vya plastiki vya kumiminia maji, umemaliza. Ila kwenye maji usimwache peke yake hata kidogo. Mtoto wa umri huo huzama kwenye maji machache sana, na beseni limwagwe mara tu akimaliza.

*Nina shilingi elfu kumi tu na sitaki kwenda mikono mitupu. Mama mdogo, Morogoro.*

Elfu kumi inatosha, na wala usione haya. Nunua kikapu cha ukindu, ukijaze vitu vya nyumbani: kijiko cha mbao, kifuu kilichosuguliwa kikawa laini, kipande cha khanga, brashi safi, limau zima la kunusa. Mwalimu Mwingereza Elinor Goldschmied alijulikana kwa kikapu cha namna hii. Aliwapa watoto vitu vya kawaida vyenye uzito, harufu na ubaridi tofauti, akawaacha wavichunguze wenyewe. Plastiki zote mkononi ni ileile.

Vizibo vya soda, shanga, gololi na kokwa usitie. Kinachopita ndani ya kiini cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Na betri zile bapa kama kitufe ziogope kweli: akiimeza inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Ukihisi tu ameimeza, kimbia hospitali.

*Asalaam aleikum. Niko Muscat. Binti yangu ana miaka 2, midoli haitazami, ila simu haachi. Nikimletea tableti si ndiyo atafurahi?*

Waaleikum salaam. Atafurahi, lakini usimletee. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 asizidi saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Chapisha picha zako, za bibi yake na za mbuzi wa nyumbani, uzitie kwenye albamu ngumu. Atakuonyesha kwa kidole, atalitaja jina lako. Ukirudi atakujua.

*Mjukuu wangu ana miezi 20. Hachezi na chochote ila kuzungusha tairi la gari lake, na nikimwita hageuki. Wenzangu wanasema atabadilika. Bibi, Tanga.*

Bibi, hapa zawadi ingoje. Kutopenda midoli peke yake hakunitishi. Linalonishtua ni kutogeuka akiitwa. Mwangalie pia: huwa ananyoosha kidole kukuonyesha ndege au pikipiki? Hukuletea kitu ili ukione? Hukutazama usoni? Kama hapana, nendeni kliniki wiki hii na kadi yake, mwelezeni daktari hayo yote kama ulivyoniandikia, na muombe apimwe masikio kwanza. Huenda hasikii vizuri tu. Huenda anahitaji msaada mwingine, na msaada huo humfaa zaidi ukianza mapema. Mama yake asiende peke yake. Nenda naye, maana wewe ndiye uliyeona.