Wanaogopa kusoma mbele ya wenzao

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na watoto wa darasa la pili wanaonyamaza kila ukiwaita wasome. Kwanza acha kuwaita mmoja mmoja kwa kushtukiza. Hofu huanzia hapo. Soma wewe sentensi, darasa zima liirudie, kisha wasomeane wawili wawili. Hadithi fupi ile ile irudieni siku kadhaa, leo kwa sauti ya simba, kesho ya bibi kizee. Watacheka, na huku ulimi unazoea maneno. Kadi za silabi pia zinafaa: ukiwapa ka, ta na ba, watakuundia kata, taka, bata. Anayekwama mpe muda kidogo kabla ya kumsaidia. Mashindano ya kasi mimi siyapendi, hushinda wale wale.