Uswisi piga hesabu kwa mwaka, si kwa mwezi

Mshahara wa kwanza Uswisi humdanganya mgeni. Unalipa kodi ya nyumba, unanunua chakula, unapanda treni, na bado kuna kitu kinabaki. Mimi nilibakiwa miezi miwili mfululizo, nikajiona fundi wa bajeti. Kumbe nilikuwa sijakata bima ya afya tu.

Sheria inakupa miezi 3 tangu kufika uwe umejiunga na bima ya msingi, na wageni wengi huichukulia kama likizo. Siyo. Hata ukisaini mwezi wa tatu, bima inahesabiwa tangu siku uliyoanza kuishi nchini, kwa hiyo bili ya kwanza inakuja imebeba miezi yote. Na kila mtu ana bima yake: baba, mama, mtoto aliyezaliwa juzi. Kampuni haiangalii mshahara wako. Mwenye kipato kidogo anaweza kupata ruzuku ya kantoni, yaani mkoa anaoishi, ila kwenye kantoni kadhaa usipoomba mwenyewe hupati.

Pa kuumia hasa ni hapa. Mtu mzima anachagua kiasi atakachojilipia kwa mwaka kabla bima haijaanza kuchangia, kuanzia faranga 300 hadi 2,500. Kwenye mkataba kinaandikwa Franchise. Ukichukua 2,500, malipo ya kila mwezi yanashuka, na mgeni mwenye afya yake hukimbilia huko. Nami nilikimbilia. Novemba kidole tumbo kikanilaza hospitali. Nililipa zile 2,500 zote, juu yake asilimia 10 ya gharama zilizobaki, ambayo kikomo chake ni faranga 700 kwa mwaka, na faranga 15 kwa kila siku niliyolala wodini. Januari nikarudi kwa daktari kuangaliwa kidonda, bili ikaja kwangu nzima. Mwaka mpya, hesabu inaanza sifuri!

Sisemi 2,500 ni kosa. Ukiichagua, fedha hizo ziwepo benki tayari, zisiwe na kazi nyingine. Kama huna, chukua 300 upate usingizi. Meno yatafutie fungu lake, maana bima ya msingi kwa kawaida haiyagusi.

Tangu mwaka ule, kila Desemba naandika kwenye karatasi moja vitu vyote vinavyokuja mara moja au mbili kwa mwaka: ada ya redio na televisheni, ambayo tangu 2021 ni faranga 335 kwa kaya, hata kama televisheni huna, marekebisho ya gharama za joto na maji, kadi ya nusu nauli, viatu vya baridi vya watoto, tiketi za kwenda nyumbani. Najumlisha, nagawa kwa 12, na siku ya mshahara fungu hilo linahamia akaunti nyingine isiyo na kadi. Mke wangu anaiita akaunti ya barua, kwa sababu balaa la hapa huja kwa posta.

Fedha za kutuma nyumbani nazo ziingie kwenye karatasi hiyo hiyo. Nilikuwa natuma kila simu inapolia, na mwisho wa mwezi sijui nimetuma kiasi gani. Sasa kuna kiasi na kuna tarehe, na wazee wanaijua. Walinuna kidogo mwanzoni.

Kodi ya mapato huwa haimsumbui mgeni mwenye kibali B, kile cha ukaazi wa muda, kwani mwajiri huikata kwenye mshahara. Siku ukipata kibali C, cha ukaazi wa kudumu, makato hayo yanakoma. Mwenzetu mmoja alidhani ameongezewa mshahara, akabadilisha sofa. Bili ya kodi ilipomfikia, sofa ilikuwa na mwaka na fedha hakuna.

Bili yoyote iliyochelewa usiifiche kabatini. Wapigie kabla tarehe haijapita, omba kulipa kidogo kidogo, wengi hukubali. Ikifika ofisi ya madeni inaandikwa kwenye rejista, na mwenye nyumba yeyote utakayeomba kupanga kwake atataka kuona karatasi ya rejista hiyo, juu ya dhamana inayoweza kufika kodi ya miezi 3.

Kuhusu kuvuka mpaka kununua vitu: tangu 1 Januari 2025 kiwango kisichotozwa ushuru wa mauzo kimeshuka kutoka faranga 300 hadi 150 kwa mtu kwa siku, na nyama ni kilo 1 tu. Ukiishi mbali na mpaka, toa nauli kwanza uone kinachobaki.

Faida kubwa zaidi iko kwenye barua moja. Huduma za bima ya msingi ni zile zile kisheria kwa kampuni zote, bei ndizo zinazotofautiana, na bei za mwaka unaofuata hutangazwa kabla Oktoba haijaisha. Linganisha, kisha andika barua ya kuhama, uitume kwa posta ya rejista. Iwe imeshaifikia kampuni unayoihama kufikia siku ya mwisho ya kazi ya Novemba. Muhuri wa posta wa siku hiyo hauhesabiki.