Mzee anapojikojolea: majibu kwa wanaouguza nyumbani

Mama ana miaka 78 na ugonjwa wa kusahau. Choo anakijua, lakini anakojolea kapu la nguo. Ananikomoa?

Hakukomoi, dada. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayokizuia kibofu mpaka mtu afike chooni. Ugonjwa ukifika hapo, kizuizi hulegea. Tena hata kibofu kikiwa kizima, mama anaweza kupotea njia ya choo, au akaliona kapu akadhani ni ndoo. Ukimfokea atasahau maneno, hofu itambakia, na kesho atazificha nguo zilizolowa. Mpeleke mwenyewe kila baada ya masaa 2 au 3 bila kungoja aombe, hasa akiamka na akishakula. Usiku taa ya choo iwake. Choo kikiwa uani, muwekee ndoo ya haja chumbani, na avae dera au kanga, si nguo za vifungo. Mtazame pia: akianza kuvutavuta nguo au kuzungukazunguka, huenda ndivyo anavyokuambia amebanwa.

Nimempunguzia babu maji ili godoro lisilowe.

Mrudishie. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na ukosefu wa maji huleta choo kigumu kinachokikandamiza. Anywe vizuri mchana, apunguze jioni.

Baba alikuwa mzima. Tangu juzi anaweweseka, hatutambui, anajikojolea. Majirani wanasema karogwa.

Mpelekeni hospitali leo hii. Mzee akichanganyikiwa ghafla, mara nyingi kuna ugonjwa mwilini: nimonia, malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, hata kiharusi. Bebeni dawa zake zote, maana nazo huweza kuwa chanzo. Amitriptilini, kwa mfano, huweza kuzuia mkojo mpaka kibofu kikafurika na kuvuja. Naumia kila ninaposikia siku zimepotelea kwa mganga, kwani mengi ya haya hutibika mgonjwa akiwahishwa.

Tangu babu afariki, bibi analala tu. Analowa na hajali.

Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo ina tiba hata uzeeni. Daktari aelezwe huzuni na mkojo pamoja. Mkitaja mkojo peke yake, bibi anaweza kupewa dawa ya kibofu kama oksibutinini, ambayo kwa wazee huweza kuvuruga kumbukumbu.

Mimi ni mkwe. Kumbadilisha baba mkwe nepi naona aibu, naye anakataa.

Hamkosei, wewe wala yeye. Mumeo na ndugu zake wagawane zamu za kumsafisha baba yao, wewe ushike mengine.