Si baridi, ni joto la kwenye kioo cha bajaji

Kaka dereva wa bajaji, unasema betri ya simu yako imevimba kwa sababu ya baridi. Si baridi iliyoivimbisha. Baridi ya Uyole, huku Mbeya, ya mwezi wa saba inafanya chaji ishuke haraka asubuhi, ila simu ikipata joto kidogo inarudi kama kawaida. Kinachoua betri ya lithiamu ni joto: kemikali za ndani zinachakaa haraka, uwezo wa kubeba chaji unapungua na haurudi tena, na gesi ikijikusanya ndipo inavimba. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35.

Tatizo liko hapo hapo kwenye bajaji. Umesema simu inakaa nyuma ya kioo cha mbele kutwa nzima, jua linapiga, ramani imewashwa, kava nene, na bado iko kwenye chaji. Hata nje kukiwa na nyuzi 20, nyuma ya kioo ni habari nyingine. Nabadilisha betri hapa Mwanjelwa, na madereva ndio wateja wangu wakubwa. Joto likikutana na chaji iliyojaa asilimia 100 ndiyo mbaya zaidi.

Hiyo iliyokwishavimba usiichaji tena, wala asije mtu akaitoboa kutoa hewa (wapo wanaofanya hivyo, wanatafuta moto). Badilisha. Mpya ikichemka usiiweke kwenye friji, itashika unyevu ndani. Chomoa chaja, vua kava, iache kivulini.