Kabla hujakoroga dawa, inama usome maranda

Wadogo zangu mnaoanza kufuga broila, kuku wa nyama, naandika nikiwa nimekereka na huku nawapenda. Haipiti wiki bila mmoja wenu kunitumia picha ya kinyesi cheusi-cheusi kinachonata, na chini yake swali lilelile: "Nimpe dawa gani?" Usimpe kitu. Hicho ni kinyesi cha kuku mzima. Lakini mara nyingi jibu langu linafika OTC, ile antibiotiki ya unga, ikiwa imeshakorogwa kwenye ndoo, na bakteria wema waliokuwa wanakulindia mtaji wako wanaanza kufa bila kosa.

1. Jua kwanza kinyesi cha afya.

Kuku hana njia ya pekee ya mkojo. Vyote vinatokea tundu moja, na ule weupe unaoukuta juu ya kinyesi ndio mkojo wenyewe. Kinyesi kizuri kimeshikana, ni cha kahawia au kijivu, kina hiyo kofia nyeupe, na ukikisukuma kwa kijiti kinasogea na umbo lake. Hiyo ni aina ya kwanza.

Aina ya pili ndiyo inayowanyima usingizi. Pale utumbo mwembamba unapoishia kuna vifuko viwili virefu vilivyoziba upande mmoja. Mle ndimo bakteria walipojaa kuliko sehemu nyingine yoyote ya tumbo la kuku. Wanachachusha mabaki ambayo utumbo umeshindwa kuyasaga, na katika kuchachusha huko wanatoa asidi, mojawapo butirati, ambayo ukuta wa utumbo unaitumia kama chakula. Kuku huvimwaga vifuko hivyo mara chache kwa siku, na kinachotoka ni kahawia iliyokolea, kinang'aa, kinanata, kina harufu ya kukukunja uso. Ukikikuta hapa na pale bandani, furahi. Kikipauka kuwa njano-njano, kikawa chepesi na kujaa mapovu, hapo bakteria wamevurugika na hapo ndipo unitafute.

2. Kifaranga wa mashine hakulelewa na mama.

Tetea wa kienyeji akiangua, vifaranga wanadonoa ardhi ileile anayonyea, na kwa njia hiyo wanarithi bakteria wake. Wa kwetu katoka kwenye trei ya mashine, kapakiwa boksini, kasafiri, kafika kwako tumbo likiwa karibu tupu. Tumbo hilo ni daladala kituo cha mwanzo: anayewahi ndiye anayekaa. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Ufini, Nurmi na Rantala, walilionyesha hili baada ya salmonela, bakteria wa maradhi ya tumbo, kuwasumbua sana wafugaji wa kuku wa nyama nchini mwao. Waliwapa vifaranga wachanga vilivyomo ndani ya matumbo ya kuku wakubwa wenye afya, na vifaranga wale wakaihimili salmonela. Viti vilikuwa vimeshajaa.

Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alisikia habari hiyo, akaja asubuhi na kikopo cha kinyesi cha kuku wa bibi yake ili akikoroge kwenye drinka, chombo cha maji ya kuku. Nilimzuia mlangoni. Nilipenda moyo wake, na bado namtajia kila tukikutana, lakini msifanye hivyo: kinyesi cha kuku usiyemjua hali yake kinaweza kubeba koksidia (vimelea wadogo wanaochana utumbo na kuleta kinyesi cha damu), minyoo na hiyo salmonela yenyewe. Unachoweza kufanya ni kuwasha bruda, pale pa joto pa kulelea vifaranga, mapema hadi maranda yenyewe yapate joto, kuosha vyombo vya maji kila siku, na kuhakikisha kifaranga anakunywa na kula mara tu anapofika. Baada ya saa 24 pita ukiwashika gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, mmoja mmoja. Karibu wote wanatakiwa wawe wamejaa, na gole liwe laini.

3. Shika maranda mkononi, ukaze ngumi, uachie. Yakibaki donge yameloa mno. Yakimwagika yote kama vumbi yamekauka mno.

4. Usifunike damu.

Hapa nakaa kidogo. Mama mmoja anayefuga Kibaha, ambaye leo namwamini kuliko wengi wenye vyeti, ameniruhusu nisimulie yaliyompata bila kumtaja jina. Ilikuwa masika, vifaranga wakiwa wiki ya nne, na chini ya drinka maranda yalikuwa yameshaanza kuganda. "Niliona damu Jumatatu asubuhi," aliniambia. "Tone moja, kwenye kona. Nikasema watakuwa wamedonoana. Jioni nikaiona tena, sehemu tatu. Mteja wangu alikuwa anakuja kesho kuangalia kuku, nikachukua maranda mapya nikafunika ili asione. Nilijifunika mimi mwenyewe."

Jumatano kuku walikuwa wamejikunyata, manyoya wima, stata, chakula chao cha kuanzia, imebaki kwenye vyombo. Akaenda duka la dawa. Akapewa amproliamu, dawa sahihi kabisa ya koksidia. Muuzaji akamwongezea pakiti ya vitamini "ya kuwapa nguvu", na yeye akakoroga vyote kwenye tangi moja.

Naomba msikilize vizuri kilichotokea ndani ya tangi lile. Amproliamu inafanana na vitamini B1. Koksidia anahitaji B1 ili azaliane, na dawa inamlaghai: anaibeba yeye, halafu anakosa ile aliyoihitaji. Ukimwaga vitamini yenye B1 juu yake, umemletea koksidia chakula halisi. Mama yule alitibu na kutengua tiba kwa mkono uleule, kila asubuhi, kwa upendo, akipima kijiko kwa uangalifu.

Na siku mbili alizozipoteza zilikuwa ndizo zenye thamani. Koksidia wa damu, Eimeria tenella, anaishi kwenye vile vifuko viwili nilivyovisema, na amproliamu inambana zaidi katika hatua zake za mwanzo. Damu unaiona siku ya nne au ya tano tangu kuku ameze mayai ya mdudu, ukuta ukiwa umeshachanika. Huku nyuma mayai mengine yanaiva kwenye maranda, kwani unyevu, joto na hewa vinatosha kuyakomaza ndani ya siku moja hadi mbili. Maranda mapya yaliyomwagwa juu ya yale mabichi yalificha tu, chini kazi iliendelea.

"Jumamosi niliacha kuhesabu," alisema. "Nilimpasua mmoja mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Vile vifuko vilikuwa vimejaa damu iliyoganda, vimevimba kama soseji. Nililia pale chini. Sikulilia hela. Nilililia lile tone la kwanza."

Leo ukienda kwake unamkuta anapita bandani alfajiri na tochi, ameinama, na kuku wenyewe wamemzoea, wanampisha. Akiona damu anatoa kwanza maranda yaliyoloa hadi sakafuni, kisha dawa peke yake kwenye maji. Vitamini zinasubiri hadi dozi iishe.

5. Rangi zinakuelekeza, hazikupi jina la ugonjwa.

Kijani: mara nyingi kuku hali, na unachokiona ni nyongo. Kikija na shingo kupinda na kukoroma, fikiria kideri (Newcastle), na huyo hana dawa, ana chanjo tu. Majimaji meupe kwa kuku wa wiki tatu hadi sita waliozubaa, fikiria ugonjwa wa virusi uitwao Gumboro. Weupe ulioganda matakoni kwa vifaranga wa siku chache unaweza kuwa mharo mweupe, lakini pia unaweza kuwa baridi ya bruda yako. Nyama-nyama za rangi ya machungwa ni ute na utando wa utumbo unaobanduka. Punje za mahindi nzima-nzima maana yake chakula kinapita bila kusagwa, na hela yako inapita nacho.

Maji matupu yanahitaji subira. Dar ya Januari kuku anahema mdomo wazi na kunywa kupita kawaida, kwa hiyo lazima anye maji. Angalia pia dagaa unaochanganya kwenye chakula. Wale wa baharini waliochemshwa kwa maji ya chumvi wanalowesha banda zima, na nimeona watu wakitibu chumvi kwa antibiotiki.

Dagaa wana jambo lingine. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens yumo tumboni mwa kuku wengi na hana madhara akiwa wachache. Protini ya samaki ikizidi, au koksidia akichana ukuta wa utumbo, anaongezeka ghafla na kutoa sumu inayouoza utumbo. Kinyesi kinakuwa cheusi chenye uvundo, na kuku aliyekuwa mnene jana anakufa leo.

6. Antibiotiki si kiungo cha chakula.

Uswidi iliacha kuzitumia kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango Januari 1, 2006. Broila bado wanafugwa huko. Wafugaji walilazimika kurudi kwenye maranda makavu, hewa, na chakula kinachosagika. Ukilazimika kutumia dawa, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuchinja na uziheshimu, kwa sababu kuna mtoto wa mtu atakula paja hilo.

7. Ukikwama, nenda maabara.

Kama uko Dar kuna TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, pale Temeke, na Morogoro kuna SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mizoga ipelekwe mibichi, ya kuku waliokufa saa chache zilizopita, iliyopozwa kwa barafu bila kugandishwa. Ule wa juzi usiubebe. Chukua na wawili watatu walio hai wanaoumwa, pamoja na daftari la chanjo na dawa zote ulizokwishatoa, hata zile ulizopewa na jirani.